Kanyagio Lililopikwa kwa Kutu

Kwa miezi minane niliishi Kibenga, mtaa wa Bujumbura wa kando ya ziwa, kama bibi harusi wa siku ya kwanza, na sijawahi kuchoka namna ile maishani mwangu. Nyumba ilikuwa ya mdogo wangu wa kiume, karani wa wizara, na mkewe ni mwanamke mwema ambaye hakuniruhusu hata kuosha kikombe changu mwenyewe. Nilikaa kibarazani, naangalia ziwa, naletewa chai. Ikifika saa nne asubuhi nilikuwa nimeshamaliza kuangalia ziwa, na siku nzima bado iko mbele yangu.

Mimi ni mshonaji. Nilianza kushona nikiwa msichana, nikaolewa nikashona, nikafiwa na mume kabla ya vita nikaendelea kushona, katika nyumba yangu ya vyumba viwili kule Kinama, upande wa pili wa mji. Tulipokimbia, majirani walikimbia na magodoro; mimi nilikimbia na cherehani. Kichwa chake nilikifunga mgongoni kwa kitenge, na watu wakanipisha njiani wakidhani nimebeba mtoto. Miguu yake ya chuma ilipakiwa kwenye mkokoteni wa jirani, na mkokoteni ukaanguka mtaroni. Kanyagio, lile bapa la chuma lenye maua ambalo mshonaji analisukuma kwa nyayo, likavunjika vipande viwili.

Siku za amani ningenunua jingine sokoni. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya vikwazo, nchi jirani zimefunga mipaka, na hata msumari ulikuwa unatafutwa kwa kuulizia. Seremala mmoja alinichongea kanyagio la mbao. Lilikuwa jepesi mno, halina uzito wa kulirudisha gurudumu, na sindano ikawa inaruka mishono. Nililitupa kwa hasira likampata kuku wa wifi yangu. Kuku hakufa, ila hakuwahi tena kupita karibu yangu.

Mdogo wangu alikuwa na mipango yake. Alikuwa ameshazungumza na mwashi anijengee chumba nyuma ya nyumba yake, na kiwanja changu cha Kinama kipewe mtu mwingine. Tuliongea baada ya chakula cha mchana, mkewe akitoa sahani na kusikiliza kwa masikio yote mawili.

"Écoute, dada, sikiliza," akasema. "Kule utakula nini?"

"Nitashona."

"Na mashini gani? Ile yenye kulala mu depo?"

Depo ni stoo ya nyuma ya nyumba, na cherehani ilikuwa imelala humo kweli. Akaona amenishinda, na kwa kuwa ana roho nzuri akanipa nafasi. "Mashini ikitembea mbele ya mvua kuanza, unarudi Kinama na mi sikuulizi tena utakula nini. Isipotembea, unabaki hapa kwetu, na atuongei tena mambo ya Kinama. Sawa?"

Nilisema sawa. Usiku ule sikupata usingizi mzuri, maana nilijua nimekubali nini. Isipotembea, nitakunywa chai ile mpaka nife, nikiangalia ziwa.

Nikaambiwa kuna fundi kule Buyenzi, kwenye mtaa wa magereji, anayeyeyusha chuma. Alikuwa Mwislamu wa mji, wa familia iliyokuwepo kabla barabara hazijawekwa lami, mwembamba, mwenye majivuno ya shati. Kila nilipomkuta alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, katikati ya ua uliojaa masizi, na jioni shati likiwa bado jeupe. Mpaka leo sijui alikuwa anafanyaje.

Alivichukua vile vipande viwili, akapitisha kidole pale palipovunjika, kidole kikatoka cheusi kana kwamba amechonga penseli.

"Iyi ni fonti, mama," akasema. Fonti ndiyo jina wanalokiita kule chuma kinachomiminwa katika kalibu ya mchanga. "Unaona? Iko na makara ndani. Njo maana inakubali kutobolewa. Bila makara inakuwa kioo." Makara kwao ni makaa.

"Unaweza kutengeneza nyingine?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama anaweza kuvaa viatu.

Aliviunganisha vipande kwa nta, akavizika katika mchanga wenye unyevu, akavitoa, na pale mchangani likabaki umbo la kanyagio langu pamoja na maua yake yote. Alifanya makalibu mawili. "Moja yako, moja ya bahati mbaya," akasema. Tanuru lake lilikuwa pipa lililokandikwa udongo ndani, linajazwa makaa na vipande vya chuma kikuukuu, na upepo unaingizwa chini na feni ya umeme. Siku mbili umeme haukuwepo. Siku ya tatu ulirudi asubuhi, na fundi, kwa kuogopa utakatika tena kabla chuma hakijayeyuka, akaifungua feni mpaka mwisho. Umeme ukirudi Bujumbura mtu anautumia kama mwenye njaa aliyewekewa sahani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama pembeni nikimhimiza, "Ongeza, fundi, ongeza!" Pipa lilinguruma, cheche zikaruka mpaka ukutani, na chuma kikashuka cheupe, chepesi kama maziwa, mpaka kikajaza makalibu yote mawili.

Kesho yake niliyakuta makanyagio yote mawili yamepoa. Yalikuwa mazuri kuliko lile la zamani, maua yamesimama wima, nami nikaanza kupanga moyoni nitakavyomwonyesha mdogo wangu. Yalibaki matundu matatu tu: mawili ya pembeni ambapo kanyagio linabembea, na moja la fimbo inayopanda kwenye gurudumu. Fundi akafunga mèche, ile ncha ya kutobolea, kwenye kekee, akashusha mkono.

Sauti iliyotoka sitaisahau. Ncha ilipiga kelele, ikateleza, ikakatika. Akaweka ya pili, akaegemeza uzito wake wote, na kanyagio likapasuka kwa mlio wa sahani. Palipopasuka hapakuwa na weusi wowote. Palikuwa peupe, panameta, na kidole kilitoka safi.

Fundi alikaa juu ya ndoo yenye masizi, bila kulijali shati lake.

"Upepo," akasema. "Imekunywa upepo mingi. Upepo umeunguza makara yote."

Baadaye sana mdogo wangu alinieleza kwamba ule upepo vitabu vinauita oksijeni, na kwamba chuma cha kumimina kinaishi kwa uwiano. Kaboni yake ikikaa ndani kama vumbi la penseli, chuma kinakuwa cha kijivu na kinavumilia kekee. Oksijeni ikiingia kwa fujo wakati chuma kimeyeyuka, inakula vile vitu vinavyoisaidia kaboni kutulia hivyo, na kaboni inayobaki inashikamana na chuma chenyewe, kinakuwa kigumu, cheupe, cha kuvunjika. Siku ile nilielewa kitu kimoja tu: nilisema ongeza, naye akaongeza.

Fundi alilaumu umeme, akalaumu mchanga, akanilaumu mimi na kelele zangu, na hapo nami nikamjibu vya kutosha. Mtaa mzima wa magereji ulinyamaza kutusikiliza. Tulipochoka tukahesabu kilichobaki: kanyagio moja, gumu kama lile lililopasuka, na mèche moja ya saizi ile katika Buyenzi nzima. Chuma kizuri cha kuyeyusha kilikuwa kimekwisha, na mawingu ya kwanza yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya milima ya Kongo. Nikalia pale pale, mbele ya watu, na sikuona haya.

"Apana lia, mama," akasema fundi. Alikuwa anatazama kanyagio, hanitazami mimi. "Zamani, mi nikiwa ku atelier ya port, ile karakana ya bandari, kulikuwa muze moja alikuwa anapika fonti ya namna iyi. Anaipika na kutu."

"Na nini?"

"Kutu. Unajaza kutu mu kasha, unaweka fonti katikati, unafunga na udongo, unapika siku tatu, ine. Inatoka laini. Mi niliona na macho yangu. Kufanya, sijafanya."

Kwa mshonaji, kutu ni adui. Doa la kutu kwenye kitambaa cheupe halitoki kwa sabuni wala kwa dua, na maisha yangu yote nimepaka mafuta mikasi na sindano ili isije karibu. Sasa naambiwa nikaitafute, tena debe zima. Nilidhani fundi amechanganyikiwa kwa aibu. Lakini sikuwa na njia nyingine, na kutu nilijua iliko: kwenye mabati ya nyumba yangu, niliyosikia imeungua.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Kinama, mara ya kwanza tangu tulipokimbia. Nilikuwa nimejiandaa kulia, nimebeba hata leso mbili. Nusu ya nyumba ilikuwa imeungua, mabati ya upande ule yameanguka uani, na kwa kuwa moto ulikuwa umeondoa ile ngozi yao nyeupe, mvua zilizopita ziliyafanya mekundu kabisa. Mlango ulikuwa umechukuliwa. Nilipoona hivyo hasira zikanipanda, na machozi yakasahau kuja. Ni mtu gani anaona nyumba imeungua na kusema, ngoja nichukue mlango? Chumba cha pili, kile nilichokuwa nashonea, kilikuwa na paa lake zima. Hata msumari niliotundikia tepu ya kupimia ulikuwa ukutani. Niliugusa, nikajua kwamba ni hapa ninapotaka kuishi, wala si mahali pengine.

Nikakaa chini nikaanza kukwangua mabati kwa kijiko na kuyapiga kwa mti. Kutu ilianguka vipande kwa vipande, kama maganda. Jirani mmoja aliyekuwa ameshaanza kurudi alinisalimia, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia nakusanya kutu. Alinipa pole nyingi kuliko alizonipa za nyumba.

Nikaipeleka kwa fundi imejaa debe. Alifurahi, akaleta mchanga mkavu. "Changanya nusu kwa nusu," akasema, "halafu panga pole pole mu kasha. Mi naenda musikiti, narudi." Ilikuwa Ijumaa iliyofuata.

Hapa lazima nikiri. Miaka ile kila mtu alikuwa ameshauziwa unga wa muhogo uliotiwa vitu: chokaa, vumbi la mbao, mchanga. Mimi nilikuwa nimeapa kwamba mikono yangu haitachanganya kitu kizuri na mchanga hata kwa dawa. Nikautazama ule mchanga wake, nikaitazama kutu yangu nzuri niliyoikwangua kwa kijiko mpaka mkono ukafa ganzi, nikajisemea kwamba huyu naye anataka kuongeza mali kwa mchanga. Mchanga nikaurudisha kwenye rundo. Kutu nikaitwanga, nikaichekecha kwa kitambaa cha neti mpaka ikawa laini kama unga wa bugali, nikalizika kanyagio ndani yake, tupu, safi, bila punje ya mchanga. Fundi aliporudi nilikuwa nimeshalifunga lile kasha la chuma kwa udongo. Akanisifu kwa kufunga vizuri.

Moto wa siku nne tuliupata Carama. Watu walikuwa wameanza kujenga upya, na kule kwenye mashamba kulikuwa na mchoma matofali niliyewahi kumshonea suruali tatu. Alikubali kulipanga kasha letu ndani ya tanuru lake, katikati ya matofali, karibu na mdomo wa moto. Aliuliza kama ndani kuna bunduki. Nikamwambia ni maua. Akacheka, akaziba.

Halafu tukangoja. Mimi si mtu wa kungoja. Nguo nikikabidhiwa asubuhi nataka itoke mchana. Tanuru lilichomwa siku nne, likaachwa lipoe siku tano, maana fundi alisema likifunguliwa na moto ndani, hewa itaingia ghafla na kazi yote itaharibika. Nilikwenda Carama siku ya pili ya kupoa nikaweka kiganja ukutani. Nikaenda ya tatu. Ya nne mchoma matofali akanifukuza kwa heshima. Nikarudi Kibenga, wifi yangu akaniletea chai, akaniambia kwa upole kwamba mwashi anakuja Jumatatu kupima kile chumba. Nilikunywa ile chai yote bila kuisikia ladha.

Siku ya tano tukavunja udongo. Kutu ilikuwa imebadilika, imekuwa nyeusi na kuganda. Tukalichomoa kanyagio. Ngozi yake yote ilikuwa imekwanguka na kufanya magamba, imeliwa huku na huku, na maua yamefutika. Lilikuwa na sura ya mtu aliyepona ndui.

Fundi alichukua lile ganda jeusi, akalisaga kwa vidole, akaninyooshea mkono.

"Muchanga iko wapi?"

Nikainama kuokota magamba.

"Mama. Muchanga iko wapi?"

"Niliutoa," nikasema. "Nilidhani unataka kuniongezea mchanga, kama wauza unga."

Fundi akalitupa lile ganda chini. "Kumbe mi ni muchuuzi wa unga?" akasema, na hapo mchoma matofali akaangua kicheko mpaka akashika kiuno. Fundi hakucheka. Alinieleza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kwamba mchanga kazi yake ni kuipunguza nguvu kutu, ili iule ugumu wa chuma bila kukila chuma chenyewe. Niliomba radhi. Ni mara chache nimeomba radhi nikiwa namaanisha, na ile ilikuwa moja.

Tulirudi Buyenzi. Fundi akalibana kanyagio kwenye jiliwa, akainua nyundo, akalipiga pembeni. Nilifumba macho, nikingoja ule mlio wa sahani. Ukatoka mlio mzito, mfupi. Nilipofumbua, pembe ya kanyagio ilikuwa imepinda kidogo. Haikuvunjika. Ilikuwa imepinda! Akaipiga kwa upande wa pili, ikanyooka.

Hapo ndipo akafunga mèche ya mwisho. Alisoma dua kwa midomo, akashusha mkono taratibu, na ncha ikaingia. Vikatoka vinyuzi vya chuma, vimejisokota, vinaanguka juu ya meza kimoja kimoja. Tundu la kwanza. La pili. La tatu. Nilichukua kinyuzi kimoja nikakiweka ndani ya leso yangu, ile ambayo sikuilia.

"Kwa hiyo paa langu limeingia ndani ya kanyagio," nikamwambia, maana nilikuwa na furaha na nilitaka kusema jambo kubwa.

"Apana," akasema fundi. "Kutu haiingie. Inatoa tu ile yenye kuleta ugumu." Kisha akaangalia shati lake, akaona doa jeusi kwenye mkono, la kutu yangu. Alilitazama kama mtu anayesoma barua mbaya. "Hii," akasema, "utanilipa na kanzu mbili."

Nilizishona zile kanzu kwenye depo ya Kibenga, mguu juu ya lile bapa lenye makovu, na lilikuwa linabembea vizuri kuliko zamani. Wifi yangu alisimama mlangoni na sinia la chai, akasikiliza, akarudi nalo jikoni bila kusema neno. Jumatatu mwashi alikuja akakuta hakuna wa kumpimia chumba. Mdogo wangu alitimiza ahadi yake. Alinitafutia pikapu, akanisaidia kupakia, na njia nzima mpaka kizuizi cha wanajeshi na baada yake alikuwa ananiuliza kama nimebeba chumvi, kama nimebeba mshumaa, kama nina uhakika. Ahadi yake ilikuwa ya kutouliza nitakula nini. Hayo mengine hakuyaahidi.

Mvua zilianza nikiwa ndani ya chumba changu, chini ya paa zima, mlangoni nimeweka pazia la kitenge. Siku nyingine milio ya risasi ilisikika upande wa milimani, tukafunga mapema tukalala. Siku nyingine haikusikika, nikashona mpaka mwanga uishe. Kila Jumapili baada ya misa mdogo wangu alikuja kuniona. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaangalia dari, akaangalia ile nusu iliyoungua, na kabla ya kuondoka alisema lile lile: "Dada, utarudi siku gani kwetu?" Nami nilimjibu lile lile, kwamba tutaona.

Halafu Jumapili moja alikuja amebeba kitu ndani ya mfuko. Ilikuwa suruali yake ya kazini, ya kijivu, imepasuka kwenye mshono wa nyuma. Alieleza kwa aibu kwamba alikuwa anaingia ndani ya gari la mkubwa wake. Niliicheka mpaka nikatoka machozi. Kulikuwa na wateja wawili mbele yake, nami sikumrusha foleni.

"Iache," nikamwambia. "Leo siwezi kuimaliza."

Alibaki amesimama, anatazama mguu wangu unavyokwenda juu ya kanyagio. Aliinama akayagusa yale makovu kwa kidole, akakiangalia kidole chake, kisha akanyanyuka akachukua kofia yake.

"Basi nitapita Alhamisi kuichukua, fundi," akasema, akatoka, na hakuniuliza nitarudi lini.